Kuchagua Sabufa ya Bei Nafuu kwa Sinema ya Nyumbani

Sabufa ni spika iliyoundwa kutoa sauti nzito peke yake: ngurumo ya radi, mlipuko, injini ya lori, mshindo wa ngoma kubwa, nyuzi za chini za gitaa la besi. Sikio la binadamu husikia kuanzia mitetemo 20 hivi kwa sekunde hadi 20,000, na kwenye makasha ya spika vipimo hivyo huandikwa kwa alama ya Hz. Sabufa hushika ncha ya chini ya safu hiyo, kwa kawaida kutoka Hz 30 au 40 hadi Hz 120. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hutoa Hz 41. Noti ya chini kabisa ya piano ni Hz 27.5. Sauti ya mwanamume anayezungumza huanzia karibu Hz 85. Mnunuzi aliyezishika namba hizo chache hababaishwi kirahisi na maandishi yaliyobandikwa juu ya kasha.

Katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, au ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, anayeomba sabufa huletewa seti nzima: boksi kubwa lenye amplifaya, redio, sehemu ya flashi na Bluetooth ndani yake, pamoja na spika ndogo mbili, tatu au nne za pembeni. Ndiyo maana ya 2.1, 3.1 na 4.1 zinazoandikwa kwenye kasha. Namba ya kwanza ni idadi ya spika ndogo, na ile moja ya mwisho ni boksi la besi. Aina ya pili ni sabufa inayojitegemea, yaani boksi moja lenye amplifaya yake, linalounganishwa na risiva ya sinema ya nyumbani au na mfumo uliopo tayari nyumbani. Ya tatu ni boksi la besi lisilo na amplifaya, ambalo huja na seti za sinema ya nyumbani za kampuni kubwa na kusukumwa na mashine ya seti hiyo. Hasara nyingi hutokana na kuchanganya aina hizi. Boksi la aina ya tatu likiuzwa peke yake kwa bei ya kutupa ni mzigo tu, kwa sababu bila mashine yake haliimbi, na mara nyingi hata plagi yake na omu zake haziendani na amplifaya nyingine. Sabufa isiyo na waya inayouzwa na spika ndefu ya chini ya runinga nayo huwasiliana na mwenzake huyo tu. Mwenzake akifa, nayo imekufa.

Filamu ndizo zinazodai besi ya chini zaidi. Mwaka 1974 filamu ya Earthquake ilionyeshwa Marekani kwa mfumo ulioitwa Sensurround: sabufa kubwa zilifungwa kwenye kumbi za sinema ili watazamaji wahisi tetemeko miilini mwao. Leo filamu yenye sauti ya 5.1 huwa na njia ya pekee ya sauti nzito, inayofika juu hadi Hz 120, na watengenezaji huishusha hadi chini ya Hz 30 pale jengo linapoporomoka au ndege inaporuka. Mpira, taarifa ya habari na tamthilia hazina mambo hayo. Nyumba ambayo runinga huwashwa kwa ajili ya ligi na tamthilia, na muziki ukapigwa mwisho wa wiki, haina sababu ya kulipia besi ya Hz 25. Sabufa inayoshuka vizuri hadi Hz 45 itabeba karibu kila kitu kinachopita humo. Swali la matumizi ndilo la kwanza, na linaokoa pesa kuliko kubishana bei.

Wati za kwenye kasha na wati halisi

Kasha la sabufa ya bei nafuu likitangaza wati 10,000, herufi PMPO haziko mbali. Kipimo hicho hakina kanuni inayokubaliwa na wote. Kila kiwanda hukikokotoa kinavyotaka, kwa hiyo mashine mbili zilizoandikwa namba tofauti kabisa zinaweza kuwa na amplifaya ileile. Kipimo cha kutafuta ni RMS, ambacho huonyesha nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo. Panapoandikwa namba mbili, moja ya mfululizo na nyingine ya kilele, ile ndogo ndiyo ya kufanyia hesabu.

RMS ikikosekana, ukweli huwa umebandikwa nyuma ya boksi, karibu na waya wa umeme. Hapo huandikwa kitu kama AC 230V 50Hz 60W. Kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa wati 10,000 kwenye spika. Kwa kishindo cha mara moja kapasita zake zinaweza kuongeza kidogo, lakini kwa wimbo mzima kitatoa chini ya hizo 60, kwani amplifaya za mtindo wa zamani hupoteza karibu nusu ya umeme kuwa joto. Kwa mashine za kampuni zinazofuata viwango vya kimataifa, namba ya nyuma inaweza kuwa ya wastani wa matumizi, hivyo isomwe pamoja na RMS. Hata hivyo muuzaji akiambiwa asome kibandiko hicho kwa sauti, mazungumzo ya bei hubadilika.

Wati 30 au 40 halisi si kitu cha kudharau. Kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kustaajabu. Ili besi isikike kama imekuwa kubwa maradufu zinahitajika desibeli 10 hivi, na hizo hudai wati mara kumi. Katika sabufa zinazojitegemea, Polk PSW10 ya inchi 10 hutajwa kuwa na wati 50 za mfululizo, na Klipsch R-120SW ya inchi 12 wati 200. Mara nne hiyo ya umeme ni desibeli 6. Inasikika, ila sehemu kubwa ya kinachowatofautisha wawili hao hutoka kwenye koni na ukubwa wa boksi.

Koni, boksi na tundu

Besi ni hewa inayosukumwa. Ili sauti ya Hz 40 isikike kwa nguvu ileile ya Hz 80, koni inapaswa kusogea mbele na nyuma mara nne zaidi. Koni ndogo haina nafasi ya kusogea hivyo. Ikilazimishwa, hukwaruza au hupasua koili yake. Wahandisi wana kanuni ya miaka mingi, inayohusishwa na J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH ya Marekani: boksi dogo, besi ya chini sana na matumizi madogo ya umeme havipatikani vyote vitatu kwa pamoja. Mbili zinawezekana, ya tatu italipiwa. Kwa mwenye bajeti ndogo kinachofaa kutolewa sadaka ni udogo wa boksi, kwa kuwa mbao ni rahisi kuliko amplifaya kubwa. Sabufa ndogo inayopendeza juu ya meza na kudai inashuka hadi Hz 20 ama ni ghali sana, ama inasema uongo.

Kuna uongo mwingine wa adabu kidogo. Kasha huandika "20Hz–20kHz" bila kusema ni kwa nguvu gani. Spika yoyote hutoa kitu fulani kwa Hz 20, hata kama kinasikika kama pumzi. Kipimo chenye maana huambatana na ±3dB au -6dB, kikionyesha sauti imepungua kwa kiasi gani inapofika huko chini. Kisipokuwapo, namba ya masafa ichukuliwe kama rangi ya kasha.

Boksi lililozibwa pande zote hushuka taratibu na huwa na besi kavu, yenye mwanzo na mwisho unaosikika. Hupendwa na wasikilizaji wa muziki. Boksi lenye tundu hutumia hewa ya tunduni kuongeza nguvu karibu na kiwango kimoja cha chini, kisha chini ya hapo sauti huporomoka haraka. Kwa wati chache, lenye tundu hutoa besi kubwa zaidi, na ndiyo sababu karibu sabufa zote za bei nafuu zina tundu. Ubora wake huonekana kwa macho. Tundu la plastiki jembamba kama shingo ya chupa hupiga mluzi au kukoroma besi ikipanda. Lililo pana na lenye midomo iliyopinda hupitisha hewa kimya. Kupitia tundu hilohilo, tochi ya simu huonyesha unene wa ubao. Boksi likigongwa ubavuni kwa kifundo cha kidole, mbao nene hutoa mlio mfupi uliokufa, na ubao mwembamba au plastiki hulia kama debe. Boksi linalolia likigongwa litalia pia wimbo ukipigwa, na huongeza besi ambayo msanii hakuiweka.

Ukingo unaoshikilia koni uwe wa mpira. Ukingo wa sponji hufanya kazi vizuri ukiwa mpya, lakini joto na unyevu wa pwani huusaga ukawa unga baada ya miaka. Taa zinazobadilika rangi, skrini ya namba, maikrofoni mbili za karaoke na rimoti yenye vitufe arobaini vyote vinagharimu pesa, na pesa hizo zimekatwa mahali fulani ndani ya boksi. Kati ya sabufa mbili za bei moja, isiyo na taa ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Ukubwa kulingana na chumba

Chumba kimoja cha kupanga cha mita 3 kwa 3 hutoshelezwa na koni ya inchi 6.5 au 8. Sebule ya mita 4 kwa 5 inahitaji inchi 10. Sebule iliyo wazi hadi jikoni na koridoni, ambamo besi hutawanyika, ndiyo inayostahili inchi 12, maana sabufa hujaza nafasi yote ya hewa iliyo wazi na si eneo la makochi tu. Ikiwa bajeti haifiki hapo, inchi 10 iliyowekwa pazuri itafanya kazi vizuri kuliko inchi 12 ya ubao mwembamba.

Vyumba vidogo vya matofali vina tabia yake. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde, hivyo wimbi la Hz 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, refu kuliko sebule nyingi. Likigonga kuta za zege hurudi na kukutana na lingine njiani. Mahali pengine yanasaidiana, mahali pengine yanauana. Kiwango kinachovimba zaidi hupatikana kwa kugawa 172 kwa urefu wa chumba katika mita: chumba cha mita 4 huvimbisha Hz 43, cha mita 3 huvimbisha Hz 57. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, kwani urefu na upana huvimbisha noti ileile, na wimbo wowote hugeuka kuwa mdundo mmoja. Anayeishi katika chumba cha namna hiyo asilaumu sabufa haraka, aihamishe kwanza.

Umeme na waya

Tanzania hutumia volti 230, Kenya na Uganda 240, zote kwa Hz 50. Vifaa vilivyotumika kutoka Uingereza, Oman au Dubai huendana na umeme huo na hata na soketi za nguzo tatu za mraba. Vya Japani ni volti 100 na vya Marekani ni 120. Sabufa nzuri ya mtumba kutoka Japani iliyochomekwa moja kwa moja ukutani huungua kwa sekunde chache, na muuzaji hana la kujibu kwa sababu kibandiko kilikuwa wazi. Baadhi zina swichi ya 115/230 kwa nyuma, nayo hukaguliwa kabla ya waya kuchomekwa. Zisizo na swichi huhitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati zinazovutwa, na bei ya transfoma hiyo ihesabiwe katika bei ya sabufa. Pale umeme unapopanda na kushuka, kifaa cha kulinda runinga kilichopo kinaweza kulinda na sabufa, ilimradi mzigo wa jumla hauzidi kiwango kilichoandikwa juu yake. Wanaotumia sola hupata sabufa za AC na DC zenye mlango wa volti 12. Kwa wastani wa wati 30, betri ya ampea-saa 50 isiyotakiwa kushuka chini ya nusu huipigisha saa kumi hivi, ikiwa haina mzigo mwingine.

Kuunganisha ndiko kunakowashangaza wengi baada ya kufika nyumbani. Risiva ina tundu la SUB OUT au SUBWOOFER PRE OUT, na waya mmoja wa RCA hutosha. Runinga nyingi za kisasa hazina matundu mekundu na meupe ya kutoa sauti. Zina HDMI ARC, tundu la mwanga la OPTICAL na pengine la hedifoni. Sabufa yenye RCA peke yake huhitaji kibadilishi kidogo cha dijitali kutoka kwenye tundu la mwanga, na hapo runinga lazima iwekwe kutoa PCM, si Dolby, la sivyo spika hukaa kimya au hupiga mkwaruzo mkali na kifaa kikashukiwa ni kibovu. Tundu la hedifoni ni njia rahisi zaidi, na lina faida kwamba mara nyingi rimoti ya runinga hupandisha na kushusha sauti. Bluetooth inafaa muziki. Kwa filamu huchelewesha sauti kidogo, kiasi cha kutosha midomo na maneno kupishana, kwa hiyo waya ubaki.

Mvumo wa mfululizo unaosikika hata wimbo ukizimwa ni umeme wa Hz 50 unaoingia kwenye njia ya sauti. Chanzo huwa waya wa RCA uliolegea au uliolala sambamba na waya wa umeme, au king'amuzi na sabufa kuchomekwa soketi tofauti. Vikichomekwa kwenye ekstensheni moja, mara nyingi mvumo hupungua au huisha. Kukata nguzo ya ethi kwenye plagi, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, huondoa mvumo na kuleta hatari ya kupigwa shoti.

Kuijaribu dukani

Duka likiwa na kelele ya sabufa tano zinazoshindana, hakuna kinachosikika. Mnunuzi ana haki ya kuomba nyingine zizimwe kwa dakika mbili. Wimbo wa majaribio usiwe ule wa muuzaji, ambao ulichaguliwa kwa sababu unaipendeza mashine. Uwe wimbo ambao mnunuzi anaujua mpaka mapengo yake. Rumba au muziki wa dansi wenye gitaa la besi linalotembea ni kipimo kizuri sana. Gitaa likipanda na kushuka, kila noti inapaswa kusikika kwa jina lake na kwa nguvu inayokaribiana na ya jirani yake. Sabufa mbovu hugeuza noti zote kuwa "du, du, du" ya aina moja, kwa kuwa boksi linaimba noti yake na kumpuuza mpigaji. Nyimbo za sasa zenye mdundo mzito mmoja haziwezi kufichua kasoro hiyo, na kwa bahati mbaya ndizo zinazopigwa zaidi madukani.

Baada ya hapo vitufe vya besi virudishwe katikati na sauti ipandishwe hadi karibu robo tatu. Kuna mambo ya kusikiliza kwa ukaribu: mkwaruzo wa koni, kokoto ndani ya boksi, mluzi tunduni, na amplifaya inayokata sauti kila mshindo unapokuja. Programu ya simu inayotoa sauti ya kiwango kimoja husaidia kuliko porojo. Simu ikiunganishwa, huanzia Hz 100 na kushuka taratibu: 80, 60, 50, 40. Mahali sauti inapofifia ghafla ndipo besi ya mashine hiyo inapoishia, chochote kilichoandikwa kwenye kasha. Jaribio liwe la sauti ya wastani na la sekunde chache kwa kila kiwango, kwani kuisukuma spika kwa Hz 30 kwa nguvu kunaweza kuiua mbele ya mwenye duka.

Mwisho, sauti ya msomaji wa taarifa ya habari isikilizwe kupitia seti hiyo. Sauti ya mwanamume ikionekana kutoka kwenye boksi la besi badala ya spika ndogo, ina maana spika hizo ni dhaifu na sabufa imeachiwa kazi isiyo yake. Kasoro hii ni ya kawaida katika seti za bei ya chini, na haina dawa ya kitufe. Ni heri seti yenye besi ya wastani na spika ndogo zenye koni ya inchi 3 au 4, kuliko boksi la kutisha lililoandamana na vikopo viwili vya plastiki. Filamu, baada ya yote, hufuatwa kwa maneno yake.

Mpya au ya mtumba

Kwa bajeti ileile, sabufa iliyotumika ya kampuni yenye jina huipita mpya ya taa nyingi mara nyingi zaidi kuliko wauzaji wa mpya wanavyokiri. Masharti ni manne. Volti ziendane. Ukingo wa koni ukaguliwe kwa kidole, taratibu, kuona kama sponji inamong'onyoka. Fundi anaweza kuubadilisha, ila gharama yake iondolewe kwenye bei. Koni isukumwe ndani kidogo kwa vidole vya mikono miwili pande zote sawasawa, umeme ukiwa umezimwa. Ikienda kimya, koili ni salama. Ikikwaruza kama msasa, koili imeungua au imepinda. Kisha ipigwe kwa angalau nusu saa, kwa sababu amplifaya iliyotengenezwa ovyo hukaa vizuri dakika tano za mwanzo na kuzima ikipata joto. Mashine isiyokubaliwa kupigwa kwa nusu saa isinunuliwe.

Uzito ulikuwa kipimo kizuri zamani, maana transfoma kubwa na sumaku kubwa ni chuma. Amplifaya za kisasa za daraja la D ni nyepesi na bado zina nguvu, hivyo sabufa nyepesi si lazima iwe mbovu. Uzito wa spika yenyewe, yaani koni na sumaku yake, bado unasema kweli.

Kuiweka na kuirekebisha

Sabufa ikiwekwa pembeni mwa chumba, kuta mbili na sakafu huiongezea nguvu bila kugharimu hata wati moja. Kwa mashine ndogo hiyo ni zawadi. Kwa mashine kubwa katika chumba kidogo ni fujo. Mahali pa kufaa hupatikana kwa njia ya kuchekesha kidogo lakini ya uhakika: sabufa hupandishwa kwenye kochi analokaa msikilizaji, wimbo wa gitaa la besi hupigwa, kisha mtu huzunguka chumba akiwa ameinama, sikio likiwa usawa wa sabufa. Pale ambapo noti zote zinasikika sawa na safi, ndipo sabufa ikae. Isiwekwe juu ya meza ya runinga wala kabati la vyombo, kwani kinachotikisika hapo huitwa besi kimakosa. Bati, vioo vya madirisha ya luva na glasi za kabatini hutafutwa kimoja kimoja na kubanwa kwa kipande cha mpira.

Sabufa inayojitegemea ina kitufe cha CROSSOVER au LOW PASS, kinachoamua iishie wapi. Ikiunganishwa na risiva, kitufe hicho hupelekwa mwisho kabisa na kazi ya kugawa sauti huachiwa risiva, spika nyingine zikiwekwa SMALL na mgawanyo kwenye Hz 80. Chini ya kiwango hicho sikio halitambui kirahisi sauti inatoka upande gani, kwa hiyo sabufa inaweza kukaa popote bila kujulikana. Pasipo risiva, kitufe kianzie Hz 80 na kupandishwa kidogo ikiwa spika ndogo ni ndogo kweli. Swichi ya PHASE ijaribiwe pande zote mbili, msikilizaji akiwa ameketi. Upande unaotoa besi nyingi zaidi ndio sahihi.

Kiasi cha sauti ya sabufa hupimwa kwa kuizima. Ikiwa ipo, isijitangaze. Ikizimwa, filamu ionekane imepungukiwa. Zaidi ya hapo ni jirani anayelipa. Katika nyumba za kupanga ambazo kuta huishia kwenye dari na nafasi ya chini ya bati ni ya wote, besi hupita vyumba vinne bila hodi, na godoro chini ya sabufa hupunguza mtikisiko wa sakafu tu, si wimbi la hewani. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo. Kwa Tanzania kazi hiyo iko chini ya chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira.

Kwa sebule ya kawaida ya mita 4 kwa 5, anayetazama filamu na kusikiliza muziki hahitaji zaidi ya sabufa ya inchi 10, boksi la mbao nene lenye tundu pana au lililozibwa, wati 50 hadi 100 za RMS, ukingo wa mpira na mlango wa RCA. Wa chumba kimoja achukue inchi 8 kwa masharti yaleyale, na pesa inayobaki iende kwenye spika za mbele. Risiti iandikwe namba ya mashine na muda wa waranti, na kasha lisitupwe kabla ya muda huo kuisha, kwa sababu maduka mengi hukataa kupokea mashine iliyorudi bila kasha lake.